Waliochuma kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Akaiti,

Kahawa imeanza kuwa nyekundu upande wa chini wa shamba, kule ulikopenda kuanzia. Leo nimepalilia mistari minne. Jioni nimepaka chokaa kaburi lako, maana mvua za Januari ziliacha ukungu upande wa miguuni, na kuku wa jirani wamelifanya paa la kaburi lako kuwa kitanda chao. Nimewafukuza. Kisha nimekaa barazani nikala mihogo ya jana huku nikikutazama, kama kila siku.

Kwa kawaida nakwambia mambo kwa sauti. Hili siwezi, watu wanapita barabarani. Ndiyo maana nimechukua daftari hili.

Nilipokuwa naoga baada ya palizi, sabuni ilipita juu ya kitu kigumu chini ya chuchu ya kushoto. Ni kidogo, kama buni moja. Hakiumi. Nimejiambia ni jasho limeziba, au mdudu kaniuma. Lakini miaka minne iliyopita ulinishika mkono ukauweka mahali hapo hapo kwako, ukaniuliza, "Pae, hiki ni nini?" Kwa hiyo vidole vyangu vinakijua.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Sikufanya kazi. Bado kipo.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Nesi Kura. Nilimwambia kwanza mgongo unauma, akanipima mgongo. Nikamwambia na sikio, akanipima sikio. Halafu akavua miwani, akasema, "Papa Paerau, saa nne nina watoto wa shule wa kuchanja. Umekuja na nini?"

Nikafungua vifungo vya shati.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alibonyeza polepole, akabonyeza na kwapani, kisha akatoa kipande kidogo kwa sindano ili kikapimwe hospitali kuu, Rarotonga. Nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu siku ya kwanza: kama nimeupata kwako, kwa kulala kitanda kimoja miaka thelathini na sita. Akasema ugonjwa huu hauambukizi, na wanaume pia wana nyama ya titi, kidogo tu, na hiyo kidogo inatosha. Ni nadra, akasema, lakini hutokea.

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilitamani ugonjwa uwe umetoka kwako. Usinicheke. Uliniachia vitu vichache sana: kofia yako nyeupe ya kanisani, cherehani, na kikombe kilichovunjika mkono.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechuma debe moja na nusu. Jua zuri la kuanika.

Jumatano, 26 Machi

Majibu yalikuja na ndege ya jana. Ni saratani.

Nesi alifunga mlango wa chumba, jambo ambalo hafanyi mara nyingi kwa sababu ya joto. Akasema nimewahi. Daktari wa upasuaji atakuja Rarotonga mwezi wa tano na kukaa majuma matatu. Akinikata hapo, huenda mambo yakaishia hapo. Nikimkosa, itabidi ningoje nafasi New Zealand, na uvimbe hauwezi kuambiwa ungoje. Maneno yote hayo niliyasikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Imeandikwa saratani ya titi, na juu yake jina langu: Paerau, mwanamume, miaka 62, mkulima.

Kisha akaniambia niende kwenye kundi la Jumanne, kundi lako. Nikasema lile ni kundi la kinamama.

"Ni kundi la wagonjwa wa titi, Papa," akasema. "Hakuna mahali walipoandika kwamba lazima uvae gauni."

Sitakwenda.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda.

Nilisimamisha pikipiki pale pale kwenye tangi la maji, nilipokuwa nakungoja. Miaka mitatu nilikungoja pale kila Jumanne na sikuwahi kupanda zile ngazi tatu za ukumbi. Nilikuwa nawasikia mkicheka ndani, nikadhani mnatucheka sisi waume zenu. Leo nilikaa juu ya pikipiki mpaka binamu yako Tepaeru akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji," akasema, "Akaiti hatoki leo. Ukitaka kungoja, njoo ungojee ukiwa umekaa."

Hakuna mtu mwingine kisiwani Atiu ambaye angeniambia maneno hayo nisiwashe pikipiki nikaondoka. Nilipanda ngazi.

Wamebaki watatu. Tepaeru mwenyewe. Ngara wa posta, yule asiyesema. Na Teuira, mwalimu, aliyekatwa mwaka jana mwezi uleule tuliokuzika wewe. Nywele zake zimerudi, zimejikunja kama za mtoto mchanga. Tivaevae lilikuwa limetandazwa juu ya mikeka, shuka la kutosha kitanda kikubwa, maua mekundu juu ya kitambaa cheupe. Kila mmoja alikuwa na kona yake anashona. Ya nne haikuwa na mtu.

Niliwaambia huku nikitazama mkeka. Ilinichukua muda mrefu, Teuira alimaliza ua zima.

"Upande gani?" Tepaeru akauliza.

"Kushoto."

"Mimi wa kulia. Tukikaa pamoja tunapata mtu mzima mmoja."

Wakacheka, hata Ngara. Na mimi nikacheka, Akaiti. Sikujua kwamba hicho ndicho kicheko nilichokuwa nakisikia miaka yote ile nikiwa kwenye tangi.

Kona yako hawakunipa. Tepaeru alikagua mikono yangu, akasema kahawa haitoki kwenye kitambaa cheupe. Nimepewa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano.

Jumanne, 8 Aprili

Sindano thelathini na mbili. Ngara aliniambia, "Asante." Teuira anasema kwa Ngara hayo ni mahubiri.

Jumanne, 15 Aprili

Leo Tepaeru amenieleza habari ya titi lake la mchele.

Aliporudi kutoka kukatwa alijishonea mfuko, akaujaza mchele, akaupachika ndani ya sidiria. Krismasi ile tulinyeshewa sote njiani kuelekea kanisani, nakumbuka. Anasema mchele ulianza kunywa maji wakati wa sala, na kufikia mahubiri upande wa mchele ulikuwa umeushinda upande wa Mungu. Mke wa mchungaji akamsalimia mlangoni akamwambia anafurahi kuona amepona vizuri hivyo.

Baada ya hapo wewe ndiye uliyemshonea la sufi, ukaweka jiwe laini katikati ili liwe na uzito wa kumfanya mtu atembee bila kuegemea upande. Ukamshonea na Ngara. Na la Teuira ulilikata kabla hajakatwa yeye, ukasema akiamka alikute tayari. Amelivaa leo.

Uliniambia, "Tunashona tu, Pae." Nikafikiri ni mashuka.

Na Ngara, ambaye nimemsalimia dirishani pale posta miaka ishirini bila kujibiwa ila kwa kutikisiwa kichwa. Teuira alipokuwa Auckland akitapika dawa, Ngara alimpigia simu kila jioni baada ya kufunga. Hakuwa na la kusema. Aliweka simu dirishani, ikakaa nusu saa, Teuira akisikiliza majogoo wa kijiji cha Areora na watu wanaopita wakibishana. Miezi minne.

Nimeendesha pikipiki polepole kurudi nyumbani. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekula magimbi kwa Teuira. Uvimbe sasa ni kama buni mbili zilizoungana.

Jumatano, 23 Aprili

Nesi amepata tarehe. Ndege ya Jumamosi, 3 Mei. Nimemwambia mibuni imelemewa, matawi yanagusa chini, na mtoto wetu yuko Auckland, nani atachuma? Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika jina langu hivyo hivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua tena. Kahawa inaanguka yenyewe. Niliokota debe moja chini.

Jumamosi, 3 Mei

Ndege imeondoka. Nilikuwa katikati ya mibuni nikaisikia ikipita juu. Sikuinua kichwa.

Kwako siwezi kudanganya. Kahawa haikuwa sababu. Kuna haya: nilijiona nikivua shati hospitalini, mwanamume mzima, shemasi, kwenye foleni ya kinamama, na habari ikirudi kisiwani kabla yangu. Hiyo ni sababu moja. Ya pili hata kundi sijaliambia. Tulipokujengea kaburi, saruji ilibaki, nikajenga na pangu pembeni yako chini ya paa lile lile. Kila jioni napatazama. Na tangu Nesi aseme lile neno, nikipatazama sioni vibaya.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani Tepaeru alinitazama tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika ya siku tatu.

Jumanne sikwenda ukumbini. Saa moja asubuhi nilikuwa shambani nikasikia watu wanakuja kwenye njia ya juu wakibishana kuhusu tope. Walikuwa watatu, kofia kichwani, vikapu mkononi.

"Tumesikia kahawa yako ndiyo mgonjwa," Tepaeru akasema. "Tumekuja kuitibu."

Wakaanza kuchuma. Hawakuniuliza mstari gani. Tepaeru ule mkono wake wa kulia, uliovimba tangu walipotoa matezi kwapani, alikuwa ameuvika soksi ndefu ya mumewe na kuufunga tumboni kwa kitambaa ili usikwaruzwe. Alichuma kwa wa kushoto. Ngara akamshikia tawi. Teuira akachuma ya juu, kila alipoinua mkono akikunja uso kidogo, kisha akiinua tena. Niliwaomba waache. Nilisema jua kali, nilisema Nesi amewakataza, nilisema kahawa ikioza si neno. Tepaeru akajibu kwamba Jumamosi iliyopita kahawa hii ilikuwa na thamani kuliko uhai wangu, na yeye hakutaka kuona mali kubwa namna hiyo ikipotea.

Jana wakaja tena. Leo wakaja tena. Nimechuma kahawa tangu nina miaka saba na sijaona watu wakichuma kama hawa. Walikuwa wanakwenda taratibu na kusimama kupumua, lakini kila mbuni walioacha nyuma ulikuwa wa kijani mtupu. Wakati wa kupumzika walikula shelisheli la kuchoma na kumtania Ngara kwamba amepata mchumba kisiwa cha Mangaia kwa njia ya simu, ndiyo maana hasemi, anatunza maneno. Ngara akasema, "Ana meno yote." Teuira alimwaga chai kwa kucheka.

Leo mchana tulibaki mimi na Tepaeru kwenye mstari wa mwisho. Akaniambia, bila kuacha kuchuma:

"Nina neno la Akaiti. Hakunituma, lakini limenikaa."

Akanieleza kwamba uliporudi kutoka kukatwa uliwaambia: kila unapobadili nguo, mimi hutoka nje barazani. Kwamba ulisema, Paerau hawezi kunitazama. Ulilia mbele yao Jumanne mbili. Ya tatu hukulia tena.

Nilikaa chini pale kwenye tope. Nilimwambia ilikuwa heshima. Nilidhani unataka kuwa peke yako. Na nilimwambia lililobaki, ambalo sijawahi kumwambia mtu: niliogopa kwamba nikiona nitalia, na wewe, na maumivu yako yote, utaanza kunibembeleza mimi.

"Najua," akasema. "Nilimwambia hivyo hivyo. Lakini mimi si wewe, shemeji. Ilikuwa yako kusema."

Akachuma kidogo, kisha akaendelea.

"Na sasa unafanya tena. Jambo likiwa mwilini mwa mtu, hata likiwa mwilini mwako, wewe unatoka kwenda barazani."

Ijumaa, 9 Mei

Akaiti, nilikuwa nasimama nje nikisikiliza. Nilijua mlio wa mlango wa kabati, nilijua unapoketi kitandani, nilijua unapomaliza kwa sababu ulikuwa unakohoa kidogo. Ndipo naingia na chai. Nilidhani kuingia na chai kunatosha. Sikuchukizwa na wewe hata siku moja. Ilikuwa hatua nne kutoka barazani mpaka kitandani, na sikuzipiga.

Nisamehe.

Kahawa yote imechumwa. Shamba ni la kijani kutoka juu hadi chini.

Jumanne, 13 Mei

Nimepanda ngazi za ukumbi kabla yao na kuwafungulia madirisha. Niliwaambia ile sababu ya pili, ya saruji iliyobaki. Nilidhani Tepaeru atanikemea. Teuira ndiye aliyezungumza. Alisema hata yeye, wakati wa dawa, kuna siku alitamani tu kulala asiamke, na hakumwambia mtu kwa sababu ana watoto. Ngara akainuka kutoka kwenye kona yake, akaja akakaa karibu nasi na kushonea hapo.

Nesi anasema ndege ya Jumanne ijayo ndiyo ya mwisho kabla daktari hajaondoka. Nimemwambia aandike jina. Akasema hajawahi kulifuta.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimekwenda kwenye tumunu, baraza letu wanaume la kunywa pombe, mara ya kwanza tangu Machi. Tulikuwa kumi pamoja na Tutai, mgawaji. Pombe ya machungwa ilikuwa changa, tamu. Kifuu kilizunguka mara tatu, tukaimba, Tutai akagonga pipa, tukasali. Unajua baada ya sala mtu mwenye neno husimama. Nikasimama.

Nikasema nina saratani ya titi. Sikusema kifua, nilisema titi. Nikasema ni ile ile ya Akaiti, haiambukizi, na Jumanne nakwenda kukatwa, na sitaki mtu aisikie kwa mtu mwingine.

Mpwa wa Tutai, yule mrefu, akauliza maziwa yatatoka lini. Wawili walicheka. Tutai hakumkemea. Alijaza kifuu, akampa aliyekuwa kulia kwake, kisha aliyefuata, akamruka mpwa wake, akaendelea. Akamruka na mzunguko uliofuata. Kijana akainamisha kichwa.

Kisha Tutai akaniuliza, kwa sauti ndogo, jinsi kilivyo ukikigusa. Nikasema ni kama buni chini ya ngozi, kigumu, hakiumi, na hicho kutouma ndicho kinachodanganya. Niliona mkono wa Tutai ukiingia polepole ndani ya shati lake. Kisha wa jirani yake. Baada ya muda wote tisa walikuwa na mkono mmoja shatini, wanatazama moto, hakuna anayemwangalia mwenzake, wanabonyeza. Ungewaona. Wanaume waliovuka miamba mikali ya makatea na nguruwe mabegani.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua tangu alfajiri. Wanasema huenda ndege isitue.

Jumanne, 20 Mei

Imetua saa nane. Tulikuwa tumekaa uwanjani tangu saa nne, na kundi likafanya mkutano wake hapo hapo chini ya bati, shuka magotini. Mimi natunga sindano. Walinivika mashada ya maua shingoni mpaka nikashindwa kuona miguu yangu. Teuira akanipa mto mdogo wa sufi wa kuweka kwapani nikishakatwa, ili mkanda wa gari usiniumize. Tutai na wenzake walikuja, wakanipa mkono mmoja mmoja, wakisalimia kinamama kwa adabu ambayo sijawahi kuwaona nayo.

Tepaeru hakulia. Alinitengeneza kola.

"Ukiamka, jitazame siku ile ile," akasema. "Usingoje uzoee kwanza."

Jumamosi, 24 Mei

Rarotonga.

Walinikata juzi. Nesi wa hapa alipofungua bandeji nilijitazama. Ni mstari mmoja, mwekundu, umeshonwa vizuri. Tepaeru angekosoa mishono miwili ya mwisho. Nililia, na nesi akangoja nimalize, na hakuna kilichoharibika. Ningeweza kulia mbele yako, Akaiti. Tungelia sote kisha tungekunywa chai.

Daktari anasema uvimbe umetoka wote, na kwapani ni safi. Nitakunywa kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Aliponiambia miaka mitano alinitazama kama mtu anayeuliza. Nikamjibu ndiyo.

Siku tuliyokulaza kaburini nilikuahidi kwamba sitakaa sana kabla ya kukufuata. Nililisema kwa sauti, najua ulinisikia. Sasa naona nitachelewa. Kuna kahawa ya kukoboa. Kuna wanaume tisa ambao lazima niwapeleke kwa Nesi Kura mmoja mmoja, maana hawatakwenda wenyewe. Tepaeru amepiga simu wodini kusema nikija Jumanne ninawe mikono vizuri, nimepewa kona.

Nitachelewa kidogo, mke wangu. Nikumbuke.